Maji Uliyompa Maige

Kabula, ng'wana wane, mwanangu,

Sikuulizi hali. Asubuhi nimekusikia ukiimba huku unafunga sanduku, nikajua u mzima na kwamba unajikaza. Sasa mmeondoka na mama yako kwenda kumuaga shangazi yako, na nyumba tumebaki mimi na kuku. Nimechukua karatasi zile ulizosema ni za kutupa. Upande mmoja zina michoro yako, nitaandika upande wa pili.

Mambo ya sweta, ya pasi ya kusafiria, ya kutopokea chakula cha watu usiowajua ndani ya treni, umeambiwa mpaka umechoka. Nilikuona jana shangazi yako alipoanza tena habari ya sweta, uligeuza uso ukutani ukawa unacheka peke yako. Sitayarudia. Mimi nina neno moja, na limenishinda kulisema kwa mdomo miaka yote hii. Ni habari ya mdogo wako Maige, na ya wewe na mama yako. Kesho unapanda lori la pamba mpaka Shinyanga, kisha treni, kisha ndege, na hakuna ajuaye utarudi lini. Sikutaka uondoke mama yako akiwa bado anaamini kwamba ni wewe uliyemmaliza mwanawe. Aliamini hivyo miaka yote kwa sababu mimi nilimwacha aamini.

Basi, nimelisema. Ngoja nianzie mbali nipate pumzi.

Juma lililopita tulikuwa tunachambua pamba hapa uani, nikakuuliza hivi unakwenda kusomea nini hasa huko, maana watu wananiuliza na mimi nawajibu udaktari ili waniache. Ukacheka. Ukasema si udaktari, ni vijidudu. Tena si vijidudu vyote, ni kimoja, na si kijidudu chote, ni mlango wake. Nikajisemea moyoni, mtoto wangu anavuka bahari kwenda kusomea mlango. Lakini ulichukua kijiti ukaanza kuchora chini, na mimi nikaiacha pamba.

Ulichora mji wetu huu. Zizi katikati, ua wa minyaa umezunguka nje, na uwanja kati yao. Ukasema kijidudu cha kipindupindu kiko hivyo, kina kuta mbili, utando wa ndani na utando wa nje, na kati yake kuna uwanja mwembamba. Sumu yake ni protini, inatengenezwa ndani kabisa, kule zizini, vipande vipande. Kila kipande kinapita ukuta wa ndani kikiwa kimenyooka kama uzi, na mbele yake kina kialama cha kukitambulisha, ambacho hukatwa kikishapita. Pale uwanjani vipande vinajikunja. Vitano vinashikana kuwa pete, na cha sita kinakaa juu ya pete. Halafu kitu hicho kizima, kikiwa kimeshafungwa, kinatoka nje ya ukuta wa pili bila kuubomoa.

Nikakuuliza swali la mchunga ng'ombe. Kama mlango una upana wa kupitisha gari la ng'ombe, ndama wanashindwaje kutoka nalo? Uso wako ulifunguka. Ukasema hicho hasa ndicho watu wasichokijua. Ukanieleza kwamba wapo walioharibu kitu kidogo tu ndani ya kijidudu, sumu ikaendelea kutengenezwa kama kawaida lakini haikutoka tena, ikajazana pale uwanjani kati ya kuta mbili. Kwa hiyo mlango upo na una viungo vyake, ila hakuna aliyeona vimepangwaje. Nikauliza na la mtu wa mgodini, hiyo fremu ya mlango imekanyaga wapi, maana mimi sijaona fremu inayoning'inia hewani. Ukasema unadhani inaanzia ukuta wa ndani, inavuka uwanja wote mpaka wa nje, lakini hujui. Ulisema hujui kwa furaha. Kwetu shimoni mtu akisema hajui kwa furaha namna ile, tunampandisha juu upesi kabla hajatuua.

Halafu uliendelea kidogo. Ukasema kijidudu chenyewe hakizami mwilini. Kinakaa juu ya ukuta wa utumbo na kutoa sumu tu. Ile pete inang'ang'ania, kile kipande cha sita kinaingia, na mwili unaanza kumwaga maji yake wenyewe bila kujua kuyafunga. Mtu anakufa kwa kukaukiwa, ukasema. Hapo ukasita. Ukafuta mchoro kwa mguu, ukarudi kwenye pamba. Tulijaza gunia mpaka mama yako akatuita kula.

Tangu siku hiyo sijaacha kuufikiria ule uwanja kati ya kuta mbili, sumu imejazana haina pa kutokea. Naujua. Ninao kifuani tangu Maige afariki, mbali na hili vumbi la mgodi linalonikohoza.

Wakati ule ulikuwa darasa la tano, na mtoto humwona baba yake mrefu kuliko alivyo. Nikuambie nilikuwa mtu gani. Nilikuwa mtu wa kujiona. Kwenye ule mgodi mkubwa wa Geita, kabla haujafungwa, nilifanya kazi ya matimba, yaani kupanga magogo shimoni yashikilie mwamba usiporomoke. Ulipofungwa nikaupeleka ujuzi wangu Nyarugusu kwa wachimbaji wadogo. Shimo lao wanaliita duara, na fundi wa matimba kwenye duara anasikilizwa kuliko mwenye duara. Nilikuwa nagonga mwamba kwa nyundo nasikia kama ni mzima au umeoza ndani. Watu walinisifu. Pombe nilikuwa nimeacha, nikalewa sifa.

Mwaka ule wa kipindupindu mvua zilichelewa, na lambo letu likawa tope la ng'ombe. Chini ya duara letu kulikuwa na ufa unaotiririsha maji meupe, ya baridi. Wenzangu waliyatoa kwa ndoo na kuyamwaga ili tuchimbe. Mimi nikaona ni dhambi. Kila nilipokuja nyumbani nilifunga madumu kwenye baiskeli nikawaletea, nasukuma kwenye mchanga jasho linanitoka, najiona baba. Unakumbuka Maige alivyokuwa anatoka mbio mpaka barabarani, anashika dumu la nyuma eti ananisaidia kusukuma? Nilikuwa namwambia haya ni maji ya mwamba, jiwe limeyachuja, hata mwenyekiti wa kijiji hanywi maji kama haya. Naye akawa anawatambia wenzake.

Bwana afya alipita akatangaza kwamba maji yote yachemshwe. Shuleni nanyi mliambiwa hivyo. Ulinijia na sufuria mkononi ukasema mwalimu amesema yote, hata haya. Nikakujibu kwamba mwalimu wako hajawahi kushuka shimoni, na kuni haziji zenyewe. Kumbe juu ya lile duara kulikuwa na kambi nzima ya watu, wengine wanajisaidia vichakani, wengine kwenye vyoo vya kina kifupi, na ufa wangu ulikuwa unateremka moja kwa moja kutoka huko. Mimi ndiye niliyepaswa kujua kuliko wote. Kazi yangu ilikuwa nyufa. Nilizijua kwa ajili ya mwamba unaoporomoka, na maji ya watoto wangu sikuyaunganisha nazo hata kidogo.

Mama yako alikuwa kwao, upande wa Kahama, kwenye msiba wa babu yako. Njia zikafungwa kwa ajili ya ugonjwa, akakwama huko. Hapa tulibaki watatu.

Maige alipoanza kuharisha nilikuacha naye, nikaenda kumtafuta mzee wa dawa za miti. Sikumpata. Niliporudi, jua lilikuwa limeshapanda, nikakukuta umemwegemeza kifuani unamnywesha kwa kikombe cha bati. Ulikuwa umechemsha maji, ukayachanganya na uji mwembamba, ukatia chumvi, kwa sababu maji matupu alikuwa anayakataa. Ulikuwa unampa kidogo kidogo asubuhi nzima. Na mtoto, Kabula, alikuwa na afadhali. Hilo sikuwahi kumwambia mtu. Macho yake yalikuwa yamerudi. Aliponiona aliniuliza kama nimemletea karanga.

Lakini mimi nimekulia kwenye ng'ombe. Kwetu ndama akiharisha tunamzuia asinyonye mpaka tumbo likauke, na mtoto naye ni vivyo hivyo. Baba yangu alifanya hivyo, na babu yake. Waliopona tulisema tumewaponya, na waliokufa tulisema walikuwa wa kufa tu. Nikakunyang'anya kikombe, nikakimwaga. Nikakupiga kofi. Nikakuuliza, "Unataka kummaliza?" Halafu nikakaa mlangoni kukulinda usimpe tena. Akawa anaomba. Sitaandika alivyokuwa anaomba, ulikuwepo.

Jua lilipogeuka nilimwona anazama. Nikamfunga mgongoni kwa kitenge cha mama yako, nikapanda baiskeli kwenda kwenye kambi ya wagonjwa wa kipindupindu. Muuguzi mmoja mtu mzima alimpokea, akamfinya ngozi ya tumbo ikabaki imesimama vile vile, akatafuta mshipa wa kuwekea dripu asiupate. Akaniuliza mtoto amekunywa nini. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba nimemzuia, dada yake alikuwa anamnywesha lakini mimi nimemzuia. Aliendelea kutafuta mshipa, mkono huu, mkono ule, mguuni. Baadaye, Maige alipokwisha kufunikwa, alikuja akasimama karibu nami na kuniambia bila ukali wowote, "Baba, mtoto alikuwa anahitaji maji."

Kwa hiyo nilijua siku ile ile. Sikungoja wewe usome ndipo nijue. Nakuandikia hili ili usije ukanitetea huko uendako kwamba baba alikuwa mtu wa zamani, hakujua.

Watu wa kambi walimzika wenyewe kule kule, upesi, kwa dawa ya kuua vijidudu. Hatukuruhusiwa matanga, hakuna aliyekuja kukaa nasi, hata jirani alitupungia mkono kwa mbali. Nilirudi na baiskeli naisukuma. Ulikuwa umesimama barabarani pale pale alipokuwa anasimama yeye, ukatazama mgongo wangu, ukaona kitenge kimekunjwa. Nilipita.

Njia zilipofunguliwa mama yako alirudi. Tulimpeleka kambini, kaburi lilikuwa limeanza kuota majani. Akakaa chini hapo, akaniuliza mwanawe amekufaje. Nilifungua mdomo nikiwa nimekusudia kusema yote, na kilichotoka ni hiki: "Nilimkuta Kabula anamnywesha maji." Nikaishia hapo. Kila neno lilikuwa la kweli, na sijawahi kusema uongo mbaya kuliko ule. Mama yako amekulia kwenye ng'ombe kama mimi, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alikugeukia akakutazama. Hakukupiga, na nadhani ungefurahi kama angekupiga. Nilingoja ujitetee ili nami nipate pa kuanzia, lakini hukujitetea. Ndipo nilipoelewa kwamba na wewe umeamini ni wewe uliyemmaliza.

Nilijiambia nitasema kesho yake. Kesho yake nikajiambia tumalize kwanza palizi. Ndivyo inavyokwenda, mama. Neno gumu likilala siku moja, linaamka limenenepa. Huko uendako utakosea tu, kila mtu anakosea. Liseme siku hiyo hiyo likiwa bado dogo, hata kama sauti inakukwama, hata kama watu watakucheka.

Kuna siku nyingine naikumbuka zaidi hata ya ile ya kofi. Ulikuwa kidato cha tatu, umekuja likizo, umejifunza habari ya maji ya chumvi na sukari. Ulimweleza mama yako jikoni kwa upole sana. Ulikuwa unasema "mgonjwa", hukutaja jina. Ukasema hata uji mwembamba wenye chumvi unamsaidia. Mama yako aliweka mwiko chini akakuambia, "Usinifundishe kifo cha mwanangu." Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ulinitazama mimi, si yeye. Nilijua unaniomba nini. Nikauliza kama mbuzi wamefungwa.

Tangu hapo hukurudia tena. Umejua kila kitu miaka yote hii, na kila asubuhi unaniamkia shikamoo kwa heshima ile ile, nami naitikia marahaba huku naona aibu. Ungekuwa mtoto mwenye kisirani ningepumua. Ungenijibu vibaya hata mara moja, ningekasirika, tungegombana, labda lingetoka.

Juzi nimemwambia mama yako. Tulikuwa shambani tunang'oa mashina ya pamba tuyachome. Nilianza na ufa wa duara, nikaja kwenye kikombe, nikamaliza na yule muuguzi. Nilimwambia uji wako ulikuwa ndiyo dawa yenyewe, na kwamba mtoto alikuwa na afadhali mpaka mimi nilipofika. Hakulia. Aliendelea kung'oa mpaka mwisho wa tuta, akanyoosha mgongo, akaniuliza jambo moja tu. "Aliomba karanga kweli?"

Nikamwambia kweli. Akakaa kwenye udongo, miguu ameinyoosha mbele kama msichana. Sikujua nimshike au nimwache, nikamwacha. Sidhani kama amenisamehe, na sikumwomba. Ananipikia, ila chakula anawapa watoto wa jirani waniletee. Usijaribu kutupatanisha kabla hujaondoka, nakujua wewe. Hayo ni yangu na yake.

Na wewe sikuombi msamaha, maana ungenipa hapo hapo, na mimi nimeshachukua vya kutosha kutoka mikononi mwako. Ninachotaka ni kidogo. Usiende huko kwa ajili ya Maige. Nimekutazama unavyosoma, usingizi huna, kula huli, kama mtu anayefukua kifusi akisikia mwenzake anagonga chini. Nimefukua vifusi vya namna hiyo. Maige hagongi. Siku mtakayoujua mlango ule wote, kila kiungo chake na mahali kinapokanyaga, itakuwa siku njema kwa watoto wa watu wengine, na yeye atakuwa bado amelala kule kambini kwenye majani. Huna kosa la kwenda kulifuta. Nenda kwa sababu ya vile ulivyosema hujui ukacheka. Nilikuwa sijakuona ukicheka hivyo tangu ulipokuwa darasa la tano. Na ukichoka na vijidudu vyako, rudi. Utafundisha, au utalima pamba na mimi, na hakuna atakayekuuliza.

Nasikia sauti zenu njiani, shangazi yako yuko nanyi na bado anazungumzia sweta. Nimalizie upesi.

Tangu mama yako arudi kutoka Kahama mwaka ule, hajawahi kunywa maji kutoka mkononi mwako. Hakuwahi kulitamka, mwili wake tu ndio uliokataa. Ulikuwa ukimletea, anasema weka hapo, halafu anainuka kwenda kujichotea mwenyewe. Najua uliona, kwa sababu kuna siku uliacha kumletea. Jana jioni alikuja akasimama mbele yangu, mara ya kwanza tangu tutoke shambani, akasema anaogopa utashangaa, nikutayarishe. Basi kesho asubuhi, kabla lori halijapiga honi, mama yako atakuita na kukuomba maji ya kunywa. Mpe, mama. Kaa naye mpaka amalize.

Baba yako